Gemu ya Mtu Mmoja Isisubiri Ruhusa ya Seva

(Hotuba kwa wanafunzi wa kompyuta na watengenezaji chipukizi wa gemu, Mombasa. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Salamu ndefu na marudio nimeyapunguza.)

Mwenyekiti wa kikao, walimu wetu, wazazi mliofika, na nyinyi vijana mliojazana nyuma hadi mlangoni, assalaam alaykum na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumzie jambo mnalobishania kila siku vibandani: je, ni haki gemu ikatae kufunguka kwa sababu tu hakuna intaneti? Jibu langu nawapa mapema, ili anayetaka kunipinga aanze kujipanga. Gemu ambayo mtu anaicheza peke yake, yeye na mashine yake, haifai kufungwa kamba na seva, yaani kompyuta ya mbali inayoihudumia gemu kupitia mtandao, ya mtu mwingine. Haifai kwa saa nzima, haifai kwa dakika moja kila siku. Na gemu ambayo kweli haiwezi kwenda bila mtandao, muuzaji aseme hivyo waziwazi kabla hajapokea pesa ya mnunuzi, tena aseme itakuwaje siku atakapozima seva zake.

Sina ugomvi na mtandao. Watu mia wanapoangushwa kisiwa kimoja wapigane mpaka abaki mmoja, lazima pawe na mahali pa kuwakutanisha na mwamuzi wa kusema nani kampiga nani. Hapo seva ina kazi yake na hakuna mwenye akili atakayeipinga. Ninayemzungumzia ni yule aliyejifungia chumbani anajenga mji, anaendesha gari, anafundisha timu yake ya mpira, hana habari na mtu, na bado anaambiwa hawezi kuendelea kwa kuwa mashine fulani iliyoko Ulaya haijamjibu.

Nataka tukae kidogo kwenye mfano mmoja, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu.

Machi 5, 2013, kampuni ya Electronic Arts ilitoa SimCity mpya huko Marekani. Wadogo hapa huenda hamuijui, lakini kaka zenu wanaijua. Unapewa ardhi tupu. Unachora barabara, unatenga sehemu ya makazi, ya biashara na ya viwanda, unavuta umeme na maji, unakusanya kodi, na watu wanaanza kuhamia. Gemu za jina hilo zilikuwako tangu 1989, na miaka yote hiyo mtu alikuwa meya wa mji wake bila kumuuliza mtu. Hii ya 2013 ilikuja na sharti geni: lazima uwe umeunganishwa na seva za kampuni muda wote, na mji ulioujenga ulihifadhiwa huko kwao, haukukaa kwenye kompyuta yako.

Siku ya kwanza seva zikazidiwa. Watu waliokwisha kulipa wakapangwa foleni kungoja kuingia. Walioingia wakatupwa nje. Wengine walirudi wakakuta mji waliouhangaikia haupo. Kampuni ikaongeza seva usiku na mchana, ikazima baadhi ya mambo ili kupunguza mzigo, ikiwamo ile kasi ya juu kabisa ya kupeleka muda mbele, waliyoiita Cheetah. Amazon ikaacha kwa muda kuuza nakala ya kupakua. Mwishowe wanunuzi wakapewa gemu nyingine bure ili watulie.

Kama ingekuwa ni hitilafu tu nisingewachosha nayo, maana hitilafu humpata kila anayeandika programu. Nimeileta kwa sababu ya maelezo waliyopewa wateja. Mkuu wa studio ya Maxis iliyoitengeneza, Lucy Bradshaw, alieleza kwamba sehemu kubwa ya hesabu za mji zilifanywa kwenye seva, na kwamba kuifanya gemu iende bila mtandao kungetaka kazi kubwa mno ya uhandisi. Basi wachezaji wakafanya jaribio ambalo kila mmoja wenu angelifanya: wakachomoa waya wa intaneti, gemu ikiwa inaenda. Mji haukusimama. Magari yalipita barabarani, moshi ulipanda viwandani, watu walikwenda kazini wakarudi. Iliendelea hivyo kwa dakika kama 20, kisha gemu ikajifunga yenyewe. Akatokea mmoja anayejua kupekua msimbo, yaani maandishi yanayoiongoza programu, akakiondoa kile kipengele kinachohesabu muda wa kukaa nje ya mtandao, na mji ukawa unaenda kadiri alivyotaka. Alichokosa ni kuhifadhi mji na kuunganika na miji jirani.

Fikirini hapo kama wahandisi. Kompyuta ya mnunuzi ilikuwa na uwezo wa kuuendesha mji. Kilichoisimamisha ni amri iliyoandikwa na mtu.

Mwaka mmoja baadaye, Machi 2014, sasisho la 10 likaja na njia ya kucheza bila mtandao. Mhandisi wao mkuu aliandika kwamba kazi hiyo iliwachukua zaidi ya miezi 6. Mimi namwamini. Ilikuwa kazi kweli, na sitaki mtoke hapa mkiwalaumu wahandisi. Lakini iligeuka kuwa kazi kubwa kwa sababu tangu mwanzo kila kitu kiliandikwa kikiwa kinaitegemea seva: kuhifadhi, biashara kati ya miji, hata kuanzisha mji mpya. Uamuzi wa siku ya kwanza ukawagharimu mwaka mzima na imani ya wapenzi wa gemu hiyo wa tangu enzi.

Mwisho wake? Machi 4, 2015, Electronic Arts ilitangaza kuifunga studio ya Maxis kule Emeryville, California. Siku sita baadaye, Machi 10, studio ndogo ya Tampere, Finland, inayoitwa Colossal Order, ikatoa gemu yake ya kujenga miji, Cities: Skylines. Hawakufika watu 20. Gemu yao ilikwenda bila intaneti, na ikamruhusu mchezaji abadilishe na kuongeza vitu vyake mwenyewe. Nakala 250,000 ziliuzwa siku ya kwanza, na milioni moja katika mwezi wake wa kwanza. Sisemi kwamba studio kubwa ilifungwa kwa sababu ya seva peke yake; kampuni kubwa zina hesabu zake. Nasema wateja walikuwapo, wamekaa na pesa zao, wanangoja mtu awape kile walichonyimwa. Nyinyi mnaoanza na kompyuta mbili na mkopo wa mjomba, ukumbukeni huo mwezi wa Machi.

Sasa, kwa nini makampuni hufanya hivi? Sababu ya kwanza ni wizi, na nitaiheshimu kwa sababu naona sura za watu ambao kazi yao imewahi kunakiliwa na kuuzwa kwenye flashi pale mjini. Inauma. Lakini tutazame dawa hii imefanya nini. Mwaka 2010 kampuni ya gemu ya Ubisoft iliweka kufuli ya namna hiyo kwenye gemu zake za kompyuta: mtandao ukikatika, gemu inasimama palepale. Machi mwaka huohuo seva za kuthibitisha wanunuzi zikashambuliwa, na waliofungiwa nje ni wale walionunua kwa halali. Aliyepakua nakala ya wizi iliyokwisha kuvunjwa kufuli hakuhitaji seva, kwa hiyo yeye hakuguswa. Kufika 2012 kampuni yenyewe ilisema imeachana na utaratibu huo, ikabaki na kuthibitisha mara moja tu wakati wa kusakinisha. Kuthibitisha mara moja mimi sina shida nako. Nunua, onyesha risiti, ingia ndani, tuachane.

Sababu ya pili ni udanganyifu, na hii ina uzito zaidi. Gemu ya Diablo III ilipotoka Mei 15, 2012, ilikuwa imepangiwa soko, lililofunguliwa mwezi uliofuata, ambamo wachezaji waliuziana silaha na vitu vingine kwa pesa halisi. Pesa zikishaingia, huwezi kumwachia kila mtu atunze hazina yake kwenye kompyuta yake, atajitengenezea panga za dhahabu asubuhi na jioni. Hilo naliona. Ila wale waliotaka kupigana na mashetani peke yao, bila kuuza wala kununua, nao walifungiwa nje usiku wa kwanza, wakatazama ujumbe wa hitilafu namba 37 mpaka wakaukariri. Mwaka uliofuata gemu hiyohiyo ikaletwa kwenye mashine za gemu za PlayStation 3 na Xbox 360, ikachezwa bila mtandao vizuri tu. Na lile soko likafungwa Machi 2014. Kumbe wangeweza kutenganisha tangu mwanzo: anayeingia sokoni ashikwe na seva, anayecheza kwake aachwe kwake.

Tuje kwetu.

Mji huu umekaa juu ya nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari. SEACOM ilifika hapa 2009, TEAMS ikatoka Fujairah, Falme za Kiarabu, kuja Mombasa mwaka huohuo, EASSy ikaanza kazi 2010. Ukisimama ufukweni Nyali, intaneti ya nchi kadhaa za bara inapita karibu na miguu yako. Na hata sisi tuliolala mlangoni kwa nyaya, Jumapili ya Mei 12, 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa Afrika Kusini, mlikuwa mnazungusha simu hewani mkitafuta mtandao. Tanzania waliumia kuliko sisi. Ndugu zetu wa Uganda walikwisha kuzimiwa intaneti siku kadhaa wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania ikazimwa Oktoba 29, 2025, siku ya kura. Sitaingia kwenye siasa za mambo hayo, si kikao chake. Nasema tu kwamba mtengenezaji aliyeko San Francisco anapoandika sharti la kuwa mtandaoni muda wote, hakuna kati ya siku hizo aliyoiwaza.

Tena tukiacha siku kubwa za namna hiyo, kuna siku za kawaida. Twendeni kwenye kibanda cha gemu, tuseme Kongowea, maana nakijua vizuri kimoja cha huko. Chumba cha mabati, feni moja, televisheni mbili, benchi ya mbao. Padi nne za kuchezea, mbili zimefungwa utepe mweusi. Watoto wanalipa kwa mechi, anayefungwa anatoka, anayeshinda anabaki. Mwenye kibanda ana mashine ambazo makusudi haziunganishi na waifai. Nilimwuliza kwa nini, akanieleza kwa subira, kama mtu aliyeulizwa mara nyingi: akiiunganisha tu, mashine inaanza kupakua sasisho la gigabaiti nyingi, bando lake la wiki linaliwa kabla ya adhuhuri, na wakati inapakua wateja wamekaa wanamtazama usoni. Kwa hiyo yeye hununua CD. Na kabla hajanunua anauliza swali moja dukani: hii inaenda bila mtandao? Akiambiwa haiendi, anairudisha mezani, iwe nzuri vipi. Siku moja alinionyesha CD aliyouziwa kwa kuhakikishiwa kwamba inaenda. Ndani yake mlikuwa na kipande tu cha gemu, kilichobaki chote kilitakiwa kupakuliwa. Ameitundika ukutani kwa msumari, watoto waione.

Huyo ni mfanyabiashara. Analipa kodi ya nyumba, analipa stima, anasomesha. Kwake yeye sharti la mtandao ni hasara inayohesabika kwa shilingi, kila stima inaporudi na ruta inapojivuta kuamka.

Na angalieni vijana wasio na pesa ya kibanda wanacheza nini. Wanacheza mpira kwenye simu kupitia PPSSPP, programu inayoigiza ile mashine ndogo ya Sony, PSP, iliyotoka Japani mwaka 2004. Programu yenyewe imetengenezwa na Msweden, Henrik Rydgård, ikatoka mara ya kwanza mwaka 2012. Kila msimu kuna watu wanaobadilisha jezi, wachezaji na viwanja, na kijana wa Kisauni anapata timu za mwaka huu ndani ya gemu ya zamani. Haki za wenye hizo gemu zinavunjwa hapo, na mimi siitetei njia hiyo. Lakini mtu anayetaka kutengeneza gemu za soko letu na asiitazame sababu yake atakuwa amefumba macho. Wamechagua picha za zamani, wakaacha gemu mpya zinazong'aa, kwa sababu hii ya zamani inafunguka: kwenye matatu, shambani kwa bibi, bando likiwa limeisha.

Kuna watu wengine ambao sisi wa pwani tunapaswa kuwa wa kwanza kuwasemea. Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza Xbox One ikiwa na sharti kwamba mashine iwasiliane na seva angalau mara moja kila saa 24, la sivyo gemu hazifunguki, hata ile ambayo CD yake imo ndani. Don Mattrick, aliyekuwa kiongozi wa kitengo hicho, alipoulizwa kuhusu wasio na mtandao wa uhakika, alijibu kwamba wanayo bidhaa kwa ajili yao, nayo ni Xbox 360, mashine ya 2005. Alimtaja na mtu aliyeandika kwamba yuko ndani ya nyambizi ya nyuklia, ambako kupata intaneti si rahisi. Mimi niliwaza mabaharia wetu. Katika ukumbi huu kuna watoto wa mabaharia, najua. Baba yuko kwenye meli ya mizigo miezi mingi, zamu yake ikiisha amebaki na kitanda, ukuta wa chuma na laptopu. Huyo ndiye mtu anayeihitaji gemu kuliko sisi sote, na ndiye wa kwanza kufungiwa mlango.

Lile sharti halikuishi. Sony ilisimama jukwaani Los Angeles Juni 10 ikasema PlayStation 4 haitakuwa na kitu kama hicho, ukumbi ukalipuka kwa vifijo, na Juni 19 Microsoft ikalifuta. Mpaka mashine ilipotoka Novemba, katika nchi 13 za mwanzo ambazo hakuna hata moja ya Afrika, lilikuwa limesahaulika. Wiki chache kabla ya kufutwa tuliambiwa huo ndio mustakabali. Watu walikataa, na mustakabali ukabadilishwa.

Sasa nifike kwenye sehemu inayonikera kuliko zote, na mniwie radhi nikipandisha sauti. Mtandao ukikatika leo, kesho utarudi. Seva ikizimwa na mwenyewe, hairudi.

Desemba 2014 Ubisoft ilitoa The Crew, gemu ya magari yenye ramani ya Marekani yote iliyopunguzwa, unaweza kutoka pwani ya mashariki mpaka ya magharibi bila kusimama. Ilikuwa na hadithi ambayo mtu aliweza kuicheza peke yake toka mwanzo hadi mwisho. Kampuni ilitangaza kwa fahari kwamba imepata wachezaji milioni 12. Lakini ilitegemea seva kwa kila kitu. Desemba 2023 ikaondolewa madukani. Machi 31, 2024 seva zikazimwa. Kuanzia siku hiyo aliyelipa miezi michache nyuma na aliyelipa miaka tisa nyuma wote walikuwa sawa, hawana kitu. Mwezi uliofuata wengine wakakuta hata leseni imeondolewa kwenye akaunti zao. Ni kama mama mshonaji aliyenunua cherehani kwa pesa taslimu, na siku muuzaji anapofunga duka lake, sindano zote mtaani zinakataa kushuka.

Msiambiwe haikuwezekana vinginevyo. Januari 31 mwaka huohuo, miezi miwili tu kabla, Sony ilizima seva za Gran Turismo Sport, gemu ya magari nayo, ambayo pia ilikuwa ikihitaji mtandao hata kuhifadhi maendeleo yako. Kabla ya kuzima, walitoa sasisho lililomwezesha mchezaji kuhifadhi kwenye mashine yake na kuendelea na sehemu kubwa ya gemu peke yake. Mashindano ya watu wengi yakaisha, magari yakabaki kwa wenyewe. Hivyo ndivyo mtu anavyomuaga mteja wake.

Kufungwa kwa The Crew kuliwasha moto. Ross Scott, Mmarekani anayeishi Poland na anayetengeneza video za gemu za zamani, alianzisha harakati za Stop Killing Games Aprili 2024. Wakatumia utaratibu wa Umoja wa Ulaya unaowaruhusu raia kudai sheria wakipata sahihi milioni moja, na kabla ya dirisha kufungwa Julai 31, 2025 walikuwa wameivuka hiyo milioni. Wanachodai si seva ziendeshwe milele. Wanadai kampuni inapoondoka iiache gemu katika hali ya kuchezeka. Ubisoft nayo iliahidi mwaka 2024 njia ya kucheza bila mtandao kwa The Crew 2, na 2025 ikaileta. California nayo ilipitisha sheria, inayotumika tangu Januari 1, 2025, kwamba muuzaji wa bidhaa za kidijitali asimwambie mteja ananunua wakati anachopewa ni leseni inayoweza kuondolewa, isipokuwa amwambie wazi. Na mjue kwamba bidhaa unayoweza kuipakua ukaitumia daima bila mtandao haiguswi na sheria hiyo, kwa sababu hiyo kweli umeinunua.

Wenye makampuni hujibu kwamba kuna gemu zisizoweza kutenganishwa na seva, kwamba nyimbo na majina ya magari yamekodishwa kwa muda, kwamba seva za watu binafsi hazina ulinzi. Baadhi ya hayo ni kweli, hasa habari ya nyimbo na nembo. Ila ni matatizo ya aliyepanga vibaya mwanzo, na aliyelipa gharama yake ni mteja aliyekwisha kulipa bei.

Hapa Kenya tuna Katiba ya 2010, na ibara ya 46 inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, na haki ya kupata taarifa anazozihitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Taarifa anazozihitaji. Mimi si mwanasheria, lakini nikiisoma ibara hiyo nikiwa nimeshika kasha la gemu, naona pengo. Nyuma ya kasha, kwa herufi ndogo ambazo macho yangu hayazisomi tena bila miwani, kumeandikwa kwamba intaneti inahitajika. Mpaka lini seva zitakuwa hai, hakuna. Napenda siku moja shauri la namna hii lifikishwe mbele ya majaji wetu, na napenda zaidi liletwe na mwenye kibanda.

Nyinyi lakini hamna haja ya kungoja majaji, kwa sababu nyinyi ndio mtakaoziandika gemu. Nawaomba mambo machache, ya kazi.

Maendeleo ya mchezaji yahifadhiwe kwanza kwenye simu yake. Mtandao ukipatikana, nakala ipelekwe kwenye seva. Nakala mbili zikigongana, muulize mwenyewe anataka ipi, usimchagulie. Alama za kupeleka kwenye jedwali la washindi ziwekwe foleni zingoje mtandao, wala mchezo usisimame kwa ajili yake. Mtu akilipa kwa M-Pesa, seva yako imtumie hati iliyotiwa saini ya kidijitali, ikae kwenye simu, na gemu iisome humohumo. Usimwulize tena kesho kama alilipa. Udanganyifu uzuie pale unapomuumiza mtu mwingine, yaani kwenye ligi na mashindano. Anayejiongezea sarafu chumbani kwake hajamwibia mtu, mwache afurahi. Matangazo nayo, najua ndiyo yanayolisha wengi wenu, na tangazo linataka mtandao. Likikosekana, endelea na mchezo. Mtoto aliyecheza gemu yako wiki nzima bila bando atafungua na siku atakayokuwa nalo, na siku hiyo ataliona tangazo lako.

Na tangu wiki ya kwanza ya mradi, andikeni ukurasa mmoja: siku tukifunga seva, tutafanya nini? Kama jibu ni kutoa sasisho la mwisho, msimbo wa sasisho hilo uanze kuandikwa sasa, wakati pesa ipo na watu wapo. Siku ya kufunga hakuna pesa na wahandisi wamekwisha kutafuta kazi kwingine.

Nimezungumza na walimu wenu kabla ya kupanda hapa. Kwenye maonyesho ya mwisho wa mwaka, kila gemu ya mchezaji mmoja itawekwa kwenye simu iliyozimwa data na waifai, na mkaguzi ataicheza, ataifunga, ataifungua tena aone kama maendeleo yake yapo. Wamekubali jaribio hilo liwe na alama zake. Mnao muda wa kutosha kurekebisha. Aliyekwama kwenye kulinganisha nakala mbili za akiba anione pale meza ya kushoto, nitakaa mpaka magharibi.

Ahsanteni.